Wajapani walivyomchora mzungu, mi napenda mpaka makosa yake

Juzi nimekesha naangalia zile picha za Yokohama, mji wa bandari huko Japani, wenyewe wanaziita Yokohama-e, nyingi zimechapwa kwa mbao miaka ya 1860 na 1861, na kilichonichekesha ni kwamba humu kioja ni mzungu. Sisi tumezoea picha za zamani ambazo kamera kaishika yeye na wa kushangaliwa ni sisi, sasa hapa kageuziwa kibao: pua ndefu, ndevu nyekundu, mama wa kizungu kakaa upande juu ya farasi na gauni limefura kama kengele, mwingine yuko na cherehani yake, jamaa wengine wanapiga mvinyo.

Bandari yenyewe ilifunguliwa 1859, baada ya mikataba ya 1858 na nchi tano (Marekani, Uholanzi, Urusi, Uingereza na Ufaransa), kabla ya hapo ni kijiji cha wavuvi tu. Watu wa Edo, ndo Tokyo ya leo, wakawa na hamu ya kujua hawa wageni wanavaaje wanakula nini, na wachapishaji wakanusa hela. Mmoja anachora, mwingine anachonga ubao wa mcheri, mwingine anapaka rangi na kuchapa, kila rangi na ubao wake, na bei ni ya mtu wa kawaida.

Sasa kuna wanaoziponda eti uongo mtupu. Sikatai, wachoraji walikuwa wanakopi sana kutoka magazeti ya picha ya Ulaya na Marekani, mmoja wao, Yoshitora, kachora mpaka London na hajawahi kukanyaga huko, halafu sura ileile picha hii imeandikwa Mrusi, nyingine Mfaransa. Lakini jamani, si ndo utamu wenyewe? Kwani wazungu walivyotuchora sisi walikuwa wanatofautisha nani ni nani? Mi hapo kwenye kukosea ndo namwona Mjapani mwenyewe, anavyoshangaa, anavyojazia asichokijua.

Na si wote walikuwa wanabahatisha bana. Ile ya mchoraji Sadahide ya 1861, karatasi tano zimeunganishwa, meli za wageni bandarini na mizigo inapakiwa, kamba za milingoti kazichora mojamoja mpaka unajiuliza mchongaji alikuwa na macho ya aina gani. Nimezizoom mpaka simu ikagoma.