Wanaouza "dawa ya kuongeza homoni" wangemsikiliza panya kwanza

Gari la matangazo likikatiza mitaa ya Ngamiani hapa Tanga, spika yake ina orodha ileile: inazibua mirija, inaondoa chango, inasafisha kizazi, inaongeza homoni. Chango nawaachia bibi zetu, wana elimu yao. Mirija nayo leo siigusi. Kinachonikera ni hilo la mwisho, kwa sababu linasemwa kana kwamba homoni zikizidi ndipo mtoto anapopatikana, na mwanamke aliyekaa miaka mitatu bila kushika mimba akilisikia anaingia mkobani bila kuuliza homoni ipi.

Nafundisha baiolojia. Wanafunzi wangu nawaambia kwamba amri ya uzazi haitoki kwenye kizazi, inatoka kichwani, na humohumo kichwani mwili umeweka vimeng'enya (protini zinazoharakisha kujenga au kuvunja vitu mwilini) ambavyo mojawapo ya kazi zake ni kuikatakata amri hiyo. Mtu akisikia kukata anadhani ni hasara. La hasha. Amri ikimiminika bila kukatika, mfumo wote unazima. Hili tumelijua kwa sehemu kubwa kutokana na panya wa maabara.

Nikitaja panya watu hucheka. Mzee mmoja fundi baiskeli pale Chumbageni, nilipomwamkia na maongezi yakaangukia huko, alinyoosha spoku, akaniangalia juu ya miwani: "Marahaba mwalimu. Sasa mwanangu, panya wa Wazungu na mke wa mtu wapi na wapi?" Palikuwa na foleni ya wateja, jibu langu likawa fupi. Hapa nina nafasi.

Panya jike ana mzunguko wa siku 4 au 5 tu. Mtafiti anayetaka kujua nini kinaliachilia yai hahitaji kungoja mwezi mzima. Tena panya ana saa. Mwaka 1950 Wamarekani wawili, Everett na Sawyer, waligundua kwamba panya akipewa dawa ya usingizi aina ya babichureti saa nane mchana siku yai linapojiandaa, yai halitoki. Linangoja saa 24 kamili, mchana wa kesho yake. Ukichelewa kumpa dawa, amri imeshapita na yai linatoka kama kawaida. Yaani kuna dirisha la muda, na dirisha hilo linafunguliwa na ubongo. Ovari inapokea tu.

Amri yenyewe ilipatikana mwaka 1971. Andrew Schally alisaga haipothalamasi (sehemu ndogo ya chini ya ubongo) za nguruwe zaidi ya laki moja (ndugu zangu, sikuwatuma), Roger Guillemin naye akaegemea kondoo, na wote wawili wakaingia kwenye Tuzo ya Nobel ya 1977. Walichokipata ni homoni, mnyororo mdogo wenye viungo 10 vya asidi amino (vijenzi vya protini), unaoitwa kwa kifupi GnRH. Unatolewa na seli chache mno, kwa panya ni kama elfu moja hivi katika ubongo mzima. Unashuka kwenye mishipa myembamba ya damu hadi tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, ambayo nayo inamwaga homoni mbili, LH na FSH, na hizo ndizo zinazoamsha ovari au korodani.

Sasa vimeng'enya. Miaka ya 1970 watafiti walichanganya GnRH na tishu ya haipothalamasi ya panya iliyosagwa, wakaona nguvu yake inapotea. Kitu fulani mle ndani kilikuwa kinaikata. Kimojawapo kilikuja kuitwa thimeti oligopeptidesi, na chenyewe kinaukata mnyororo katikati kabisa, kati ya kiungo cha tano na cha sita. Ndiyo maana GnRH ikiingia kwenye damu, dakika chache tu nusu yake imekwisha. Panya walipopewa dawa ya kukizuia kimeng'enya hicho, GnRH waliyodungwa ilikaa zaidi. Lililonivutia zaidi ni kwamba makali ya ukataji hayabaki palepale siku zote. Utafiti wa miaka ya 1980 ulionyesha kuwa estrojeni na projesteroni (homoni za ovari) zinapomwandaa panya jike kuachilia yai, ukataji nao hurekebishwa kwenye sehemu ya haipothalamasi inakotokea GnRH, na hiyo ni mojawapo ya njia za LH kupata kupanda ghafla. Ubongo unaamua utoe kiasi gani, na pia unaamua uvunje kiasi gani.

Kwa nini ujisumbue kuvunja ulichokitengeneza mwenyewe? Kengele ya shule ikilia kutwa nzima bila kukoma, hakuna atakayejua kipindi kimeisha. Mtafiti Ernst Knobil alilithibitisha hilo kwa nyani mwishoni mwa miaka ya 1970: GnRH ikiingia kwa mapigo, pigo moja kila saa, pituitari inaitika. Akiimwaga mfululizo bila kukatisha, LH na FSH zinaporomoka. Homoni ni ileile, ila sasa inazima badala ya kuwasha.

Watengeneza dawa walilichukua somo hilo mzimamzima. Walibadilisha kiungo cha sita, palepale kimeng'enya kinapopenda kukata, wakapata dawa zinazodumu. Goserelini ni mojawapo. Mgonjwa wa saratani ya tezi dume huwekewa kipande kidogo chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya siku 28, na kwa kuwa hakivunjwi upesi, kelele inakuwa ya mfululizo, korodani zinaacha kutoa testosteroni, homoni ya kiume. Haya, huyo ni mtu "aliyeongezewa homoni" kwa dozi za hospitali, na matokeo yake ni sawa na kuhasiwa.

Ndugu wa dawa hiyohiyo tunao mazizini. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Pongwe wanawajua wahimilishaji wanaokuja na mtungi wa mbegu na vichupa vya sindano. Ratiba iliyochapishwa Marekani mwaka 1995 ni hii: GnRH siku ya kwanza, homoni nyingine iitwayo prostaglandini baada ya siku 7, GnRH tena baada ya saa 48, kisha anahimilishwa kesho yake, awe ameonyesha joto au hakuonyesha. Hapo kila dozi ya GnRH ni pigo moja linalopita, na yai linatoka. Ukimuuliza mfugaji kama ni bora azidishe sindano ili ng'ombe apate mimba haraka, atakuona huna akili. Mfugaji huyohuyo nyumbani anamnunulia mkewe chupa isiyo na lebo.

Najua kuna atakayenirukia kwamba panya si mtu. Kweli kabisa, na mfano ninao. Kuna kimeng'enya kingine cha ubongo, aromatesi, kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni. Kwa panya mchanga, ni hiyo estrojeni iliyotengenezwa ndani ya ubongo inayomfanya dume awe na tabia za dume. Wanafunzi wangu wa kiume hawaipendi habari hiyo hata kidogo. Kwa binadamu haiko hivyo: testosteroni yenyewe ndiyo yenye uzito mkubwa, kwani wanaume waliozaliwa bila aromatesi wanakua wanaume. Kwa hiyo si kila la panya ni letu. Lakini GnRH ya panya na yetu ni ileile, asidi amino 10 kwa mpangilio uleule, na dawa zilizotokana na kiungo cha sita zinafanya kazi kwetu, kwa ng'ombe na kwa panya.

Kwa mwenye shida ya kweli, ushauri wangu ni mkavu. Vipimo vya FSH na LH vina siku zake, kwa kawaida siku za mwanzo za hedhi, kwa hiyo mpe mhudumu tarehe yako, na karatasi moja yenye namba moja usiigeuze hukumu. Homoni ikipanda mno inaweza kuwa ndiyo dalili yenyewe: FSH iliyo juu sana mara nyingi inaonyesha ovari zimechoka na ubongo unapiga kelele bila kujibiwa. Hapo "kuongeza" unaongeza nini?

Na baba naye apimwe. Mabibi wa mtaani kwangu wamekunywa mizizi ya kila rangi, wamefukizwa, wamesomewa, na bwana hajawahi hata siku moja kupeleka kikopo maabara. Kipimo cha mbegu hakina sindano wala kisu, na kingefanywa kwanza kingeokoa vyungu vingi vya dawa.