Treni Huulizwa Itajilipa Lini, Barabara Haiulizwi

Wiki hii nimesikiliza kikao cha bajeti ya usafiri wa mjini, na kwa mara nyingine mwakilishi wa wananchi akasimama kuuliza kama treni nyepesi itaweza kujiendesha kwa nauli zake. Swali hilo ni halali. Kilichoniudhi ni kwamba kikao hichohicho kilipofika kwenye fungu la kupanua barabara, fedha zilipitishwa bila mtu yeyote kuuliza barabara hiyo itajilipa lini.

Tutazame namna hesabu zenyewe zinavyopangwa. Mradi wa treni huletwa ukiwa na jumla moja yenye kila kitu ndani yake: reli, nyaya za umeme, vituo, karakana, mabehewa, na mara nyingi hata mishahara ya madereva, kiasi kwamba mwananchi anayeisoma gazetini hana budi kushtuka. Mradi wa barabara huja na bei ya lami, madaraja na fidia ya ardhi, basi. Magari yatakayopita juu yake hayamo, kwa kuwa yatanunuliwa na kila familia kivyake, nyingine kwa mkopo; mafuta hayamo, bima haimo, wala maegesho yatakayomeza ardhi ya katikati ya mji, wala matibabu ya majeruhi wa ajali. Gharama hizo zipo palepale, ila zimetolewa kwenye vitabu vya serikali zikatiwa mifukoni mwa watu, na asiyemudu gari anaichangia barabara kwa kodi yake kisha anatembea kandokando yake kwa miguu. Huo ni uonevu, na haupungui kwa sababu tumeuzoea.

Tena ahadi yenyewe ya kumaliza foleni haitimii. Houston, Marekani, ilikamilisha upanuzi wa barabara kuu ya Katy mwaka 2008 kwa takribani dola bilioni 2.8, hadi ikafikia njia 26 mahali ilipo pana zaidi, ukihesabu na barabara za pembeni; hata ukanda wa reli ya zamani ulitwaliwa kwa kazi hiyo. Miaka michache baadaye muda wa safari za asubuhi na jioni ulikuwa unapanda tena, kwa maana nafasi mpya iliwavuta watu waliokuwa wakipita kwingine, wakisafiri saa nyingine au wakiishi karibu na kazi zao.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba wapinzani wa treni nao wana mifano. Tramu (treni nyepesi ya mjini) ya Edinburgh, Uskoti, ilianza kazi mwaka 2014 ikiwa imechelewa, imevuka bajeti na ni fupi kuliko ilivyoahidiwa. Addis Ababa ilifungua treni yake nyepesi mwaka 2015, kilometa zipatazo 34 kwa dola milioni 475, na haukupita muda mrefu treni nyingi zikawa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri vinavyonunuliwa kwa fedha za kigeni. Hiyo ni sababu ya kutenga fedha za vipuri tangu siku ya kwanza, kwa kuwa hata lami isiyokarabatiwa hugeuka mashimo.

Siasa nayo ina kalenda yake. Huko Nantes, Ufaransa, Meya Alain Chénard aliusimamia mradi wa tramu kisha akashindwa uchaguzi wa mwaka 1983. Ilipoanza kubeba abiria mwaka 1985, mji ulikuwa mikononi mwa Michel Chauty, aliyekuwa ameupinga mradi huo. Kipande cha barabara huweza kuzinduliwa kabla ya kura, na kila mwanasiasa analijua hilo.

Ninachodai ni kwamba, kabla bajeti haijapigiwa kura, miradi yote miwili iwekwe kwenye jedwali moja la miaka 30, likiwa na magari, mafuta, maegesho, majeruhi na vipuri, na gharama igawanywe kwa idadi ya watu watakaosafirishwa badala ya idadi ya magari yatakayopita. Barabara ikishinda kwa hesabu hiyo, nitaiunga mkono.