Goti linalouma lisifungiwe ndani

"Mafuta ya goti yamekwisha." Kauli hiyo, wanayoambiwa wenye ugonjwa wa kulika kwa magoti, husikika sana hapa Mtwara, na mama yangu mkubwa, mkazi wa Mikindani, aliambiwa hivyo katika zahanati moja, kisha akaagizwa akae apumzike asije akayasaga magoti yake zaidi. Alitii. Kwa miezi kadhaa alishinda barazani juu ya mkeka, na siku moja alipotaka kushuka vidato viwili vya baraza hiyohiyo, nilimwona ameshika ukuta kwa mikono yote miwili, mapaja yamekonda na yanatetemeka. Ninaamini kwamba agizo lile lilimdhuru.

Gegedu, ule utando laini na imara unaofunika ncha za mifupa ndani ya goti, hauna mishipa ya damu, bali hupata chakula chake kutoka kwenye ute unaouzunguka. Mtu anapokanyaga, gegedu hubanwa na kutoa maji. Anapoinua mguu, hufyonza ute pamoja na virutubisho vyake. Ni kweli kwamba baada ya matembezi hupungua unene kidogo, lakini hurudi katika hali yake mtu akipumzika. Goti lisilotembezwa hukosa huduma hiyo, na misuli ya paja, ambayo ndiyo hupunguza kishindo cha kila hatua, hunywea.

Mwaka 2022 nchini Marekani, Grace Lo na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia watu 1,212 wenye ugonjwa huu wa kulika kwa magoti, wa umri wa miaka 50 na kuendelea. Waliotembea kwa ajili ya mazoezi walipatwa na maumivu mapya ya mara kwa mara kwa uchache kuliko wasiotembea, na picha za eksirei zilionyesha kuwa nafasi kati ya mifupa, upande wa ndani wa goti, haikubana sana kwao. Utafiti wa kufuatilia watu hautoshi peke yake kuthibitisha kwamba matembezi ndiyo chanzo, na wala gegedu iliyokwisha kulika haioti upya kwa kutembea. Anayemwahidi mgonjwa hivyo anamdanganya.

Najua nitaulizwa: mbona wanawake wa Newala wametembea tangu utotoni na magoti bado yanawauma? Swali hilo ni la haki. Lakini kuteremka bondeni na kupanda tena na ndoo ya maji ya lita 20 kichwani, yaani kilo 20 juu ya uzito wa mwili, au kuchuchumaa kutwa chini ya mikorosho ukiokota, si matembezi ninayoyasemea hapa. Mteremko, mzigo na kuchuchumaa huligandamiza goti mno. Ninasemea njia tambarare, viatu vyenye soli laini, mikono mitupu, na dakika chache zinazoongezwa taratibu; goti likivimba au maumivu yakizidi hadi kesho yake, mwendo upunguzwe na mtaalamu aonwe.

Ndiyo maana ninawasihi wanaotibu wazee wetu, wanapoandika dawa ya maumivu, waandike pia dakika za kutembea, kwa sababu mzee huheshimu kilichoandikwa kwenye cheti. Mama mkubwa alianza kwa dakika kumi alfajiri, kandokando ya ghuba, nami nikiwa ubavuni mwake. Magoti bado humuuma kipindi cha baridi, lakini vile vidato viwili sasa anavishuka kwa kugusa ukuta kwa mkono mmoja.