Vita vya nyambizi vinatuhusu hata sisi wa Kisumu, na hivi ndivyo vitabu ningekupa

Kila nikifungua kitabu cha nyambizi ndani ya matatu ya Kondele lazima kuna mtu atachungulia kava aniulize, sasa wewe mtu wa ziwa, mtu wa omena, vita vya baharini vinakuhusu nini? Juzi ni kijana wa jirani, yuko kidato cha tatu na anapenda historia sana, aliona vitabu vyangu mezani akasema, "Lakini anko, hiyo si ni vita ya wazungu?" Nikamwambia akae chini tuongee.

Nilimuuliza kama ashawahi kusikia meli inaitwa Khedive Ismail. Hajawahi. Hata mimi nilimaliza shule bila kuisikia, nikaja kuikuta nikiwa mtu mzima, aya moja tu ndani ya kitabu kilichochakaa kwa mzee anayeuza vitabu vya mitumba hapa mjini, nikaisoma mara tatu nikiwa nimesimama juani mpaka mzee akaniuliza, "Jaduong', unanunua ama unasomea hapo?" Nikanunua.

Ilikua tarehe 12 Februari 1944, wakati wa vita ya pili ya dunia. Khedive Ismail imetoka Mombasa inaenda Colombo, iko kwa msafara wa meli tano za kubeba wanajeshi, wamefika karibu na Maldives. Ndani kuna watu 1,511, na karibu elfu moja kati yao ni wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana waliotolewa huku kwetu kupelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, na mbele ya Ceylon ilikua vita ya Burma, Myanmar ya leo. Kulikua pia na manesi na wanawake wengine wa jeshi. Nyambizi ya Kijapani, I-27, ikaipiga torpido mbili, yale makombora yanayopita ndani ya maji, na meli ikazama kwa dakika mbili hivi. Dakika mbili hata chai haijapoa. Watu 1,297 wakafa, wakaokoka 214.

Kitabu kinachoeleza habari hii kwa kirefu ni Passage to Destiny cha Brian James Crabb. Hicho ningekiweka mbele kwa Mkenya yeyote anayetaka kuanza kusoma vita vya baharini, hata kabla ya vile maarufu ambavyo kila mtu anataja, manake ukianza na watu wako huwezi tena kusoma hivyo vingine kama mtu anayeangalia sinema.

Na kuna sehemu ya habari hii inanisumbua mpaka leo. Manowari mbili za Waingereza zilizokua zinalinda ule msafara, Petard na Paladin, zilijua nyambizi iko hapo chini, na juu ya maji kuna watu wanaogelea, wameshikilia chochote kinachoelea. Hizo meli nne zingine nazo zimebeba maelfu ya watu, na ukiiacha nyambizi iende inaweza kuwafuata usiku. Ungefanya nini? Petard ilipita ikaangusha mapipa ya baruti yanayolipukia chini ya maji, na watu wake wako hapo hapo majini. Nyambizi ikapanda juu, Paladin ikajaribu kuigonga ikaumia yenyewe, mizinga ya Petard ikashindwa kuipasua, mpaka torpido ya saba ndio ikaimaliza. Nimefikiria sana juu ya kepteni wa hiyo manowari na siwezi kusema alikosea, na pia siwezi kusema sawa nikaendelea na maisha.

Ndio maana kitabu cha pili ningekupa ni riwaya, The Cruel Sea ya Nicholas Monsarrat, ya mwaka 1951. Monsarrat mwenyewe alikua afisa kwa zile meli ndogo za kulinda misafara Atlantiki, anajua baridi yake na kutapika kwake na ile hali ya kukosa usingizi wiki nzima. Ndani yake kuna kepteni anaitwa Ericson anayekutana na uamuzi wa aina hiyo hiyo, anaamini nyambizi iko chini na juu yake kuna mabaharia waliookoka wanamwangalia wakifikiri amekuja kuwachukua. Sitakuambia zaidi. Hizo kurasa nilizisoma kabla sijajua habari ya Khedive Ismail na zikaniuma, halafu nikazisoma tena baada ya kujua, nikafunga kitabu nikatoka nje.

Sasa wengi wakisema vitabu vya nyambizi wanamaanisha Das Boot ya Lothar-Günther Buchheim, na kweli ni kitabu kikubwa, siwezi kukuzuia. Buchheim alikua mwandishi wa habari za vita na alipanda nyambizi ya Wajerumani, U-96, mwaka 1941, akatoa riwaya yake mwaka 1973. Kinachonifurahisha ni kwamba vita yenyewe ni kidogo sana, sehemu kubwa ni kungoja. Wanaume karibu hamsini ndani ya kitu chembamba kama bomba, vyoo viwili na kimoja kimejazwa chakula mwanzo wa safari, mkate unaota ukungu, nguo hazikauki, halafu ghafla mnakaa kimya mnasikiliza injini ya adui ikipita juu ya vichwa vyenu. Kama hupendi vitabu vinavyoenda polepole utachoka, lakini vumilia, huo uchovu ndio habari yenyewe. Kati ya wanaume kama 40,000 walioenda baharini na hizo nyambizi, karibu 30,000 hawakurudi nyumbani.

Lakini hapa niseme ukweli wangu. Kuna vitabu vingi sana vya kusifu makepteni wa nyambizi za Ujerumani, huyu alizamisha tani ngapi, yule alipewa nishani gani, na mimi hivyo sivipendi hata kidogo. Tani ni chuma na mizigo. Kwenye hizo meli kulikua na mabaharia Wahindi, Wachina, Wasomali, watu wa Afrika Magharibi, wanapika, wanachoma makaa ya mawe chini kabisa kwenye injini mahali ambapo torpido ikiingia huna pa kukimbilia. Kitabu kikihesabu tani bila kuhesabu hao watu, kwangu mimi hakijamaliza kazi.

Upande wa Wamarekani kuna Silent Victory cha Clay Blair, cha 1975, kinene kama tofali. Blair mwenyewe alihudumu kwa nyambizi wakati wa vita kwa hiyo anaongea kitu anachokijua. Kuna mahali kinakua kama daftari la mahudhurio, jina la nyambizi, jina la kepteni, siku alizokaa, na hapo hata mimi naruka. Usiache kusoma sehemu za torpido mbovu lakini. Hii habari ningependa kila mtu anayefanya kazi ofisi yoyote aisome. Wamarekani waliingia vitani na torpido inaitwa Mark 14, na ilikua na makosa matatu yanayofichana: inaenda chini kuliko ilivyopangwa, kilipuzi chake cha sumaku hakiaminiki, na hata kile cha kugonga nacho kinapinda pini kikigonga meli moja kwa moja. Makepteni wanarudi wanalalamika, ofisi inawaambia torpido iko sawa, ni nyinyi hamjui kulenga. Fikiria unaambiwa hivyo na umetoka kuponea chupuchupu.

Mwezi wa Julai 1943 nyambizi Tinosa ikakuta meli kubwa ya mafuta ya Wajapani, ikaipiga mpaka ikasimama. Sasa meli imesimama tu hapo, haiendi popote, na kepteni, Dan Daspit, akapanga nafasi nzuri kabisa akapiga torpido moja, ikagonga, kimya. Nyingine, kimya. Nyingine tena, anaangalia kwa periskopu, ile darubini ya nyambizi inayochungulia juu ya maji, na kuandika kila kitu kwa makini. Akabakisha moja tu akarudi nayo Pearl Harbor, kituo chao cha jeshi la majini kule Hawaii, waichunguze. Baada ya hapo amiri Charles Lockwood akaamuru torpido zipigwe kwenye majabali ya kisiwa cha Kahoolawe huko huko Hawaii, wakaokota moja ambayo haikulipuka, wakaifungua, tatizo likaonekana. Karibu miaka miwili watu walikua wanapelekwa baharini na silaha ambayo haifanyi kazi kwa sababu mtu ofisini hakutaka kuijaribu. Nikisoma hapo huwa nashikwa na hasira kama ni jana.

Ukitaka ndege na manowari kubwa, soma Shattered Sword cha Parshall na Tully juu ya Midway, pigano kubwa la Wamarekani na Wajapani mwaka 1942, kimetumia sana rekodi za Wajapani wenyewe, na kinabomoa ile hadithi ya zamani kwamba Wajapani walibakisha dakika tano tu ndege zao ziruke. Kizuri sana, ila kisiwe cha kwanza.

Turudi nyumbani. Vita ya kwanza ya dunia ilifika mpaka kwa ziwa letu, meli za hapa Kisumu kama Winifred zilifungwa mizinga, na mwezi wa Juni 1915 wanajeshi walipanda meli hapa hapa bandarini wakaenda kuvamia Bukoba. Sijapata kitabu kizima cha ziwa letu peke yake kinachonitosha, lakini kwa ziwa Tanganyika kipo, Mimi and Toutou Go Forth cha Giles Foden, cha 2004. Boti mbili za injini, ndizo hizo Mimi na Toutou, zilitolewa Uingereza zikapelekwa mpaka Cape Town, zikapanda treni, zikavutwa na ng'ombe na mashine za mvuke kupita milima ya Kongo, mpaka tarehe 26 Desemba 1915 zikateka boti ya Wajerumani, Kingani. Meli kubwa ya Wajerumani, Götzen, wenyewe waliizamisha mwaka 1916, ikaja ikainuliwa, na ndio hii Liemba ambayo wasafiri wa Kigoma wanaijua. Foden anasimulia vizuri na kamanda wao, Spicer-Simson, alikua mtu wa ajabu kweli, ila mimi nilikua nageuza kurasa nikitafuta zaidi wale Waafrika waliokata hiyo barabara msituni kwa mikono. Nilitaka majina.

Cha mwisho si cha vita, ni A Time to Die cha Robert Moore, juu ya nyambizi ya Urusi, Kursk, iliyozama tarehe 12 Agosti 2000 na watu 118. Wanaume 23 walikusanyika chumba cha tisa, nyuma kabisa, na afisa mmoja, Dmitri Kolesnikov, akaandika barua gizani. Sisi watu wa ziwa hatuhitaji kuelezwa. Mwaka 1996 MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza kulikua na watu hai ndani wanagonga chuma, na ilipotobolewa hewa ikatoka ikazama nao. Mimi nilisoma Moore nikisikia hiyo milio.

Kijana wa jirani amebeba The Cruel Sea. Pia aliniuliza kama wale wa Khedive Ismail wana kaburi, nikamwambia walibaki baharini, lakini majina yao yameandikwa kwenye ukumbusho ulioko makaburi ya vita, Ngong Road, Nairobi. Likizo ya Agosti tunaenda naye, mamake amekubali na nauli nitatoa mimi. Anataka kubeba daftari, aandike yale yanayofanana na ya watu wa huku kwetu.