Kijana aliyeniambia "sijaelewa"

Alhamisi iliyopita kijana wa miaka 16 alinikatiza nikiwa katikati ya maelezo: "Samahani, hapo sijaelewa. Unaweza kurudia?" Nilirudi nyumbani na furaha nisiyoweza kumweleza mtu huku Uingereza, maana kwao hilo si jambo. Kwetu ni jambo.

Najitolea mara moja kwa wiki kuwafundisha vijana mawasiliano ya kazini. Kabla ya kuruhusiwa nilikaguliwa kwanza kama nina rekodi ya jinai, ndipo nikapewa chumba na simu mbili. Mazoezi yenyewe ni madogo madogo: kupiga simu kusema utachelewa, kumwandikia bosi ujumbe usio na maneno ya mtaani, kurudia ulichoagizwa kabla hujaondoka. Simu ndiyo inayowatesa. Huyo kijana alikuwa ameandika maneno yake kwenye kikaratasi, mkono unatetemeka hadi kikaratasi kinasikika. Mara ya nne alikilaza mezani kifudifudi, akaongea.

Najua mtakachosema. "Ameondoka juzi tu, leo anatufundisha kuongea." Jamani, sisemi vijana wetu hawajui kuongea. Mtoto wa kwetu anaingia kwenye chumba chenye watu wazima kumi na anajua aanze kumsalimia nani, na kwa sauti gani. Ninaowafundisha huku, wengine hawainui macho kutoka kwenye viatu vyangu. Kwa hilo najivunia watoto wetu, na nitaendelea kujivunia.

Ila muulize mtoto huyo huyo, "Umeelewa?" Atakujibu, "Ndiyo." Hajaelewa. Hata mimi nilijibu hivyo siku ya kwanza ya fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, nikakabidhiwa rejista nisiyoijua, nikaijaza siku mbili nzima kwenye safu zisizo zake. Msimamizi alipogundua alinifokea mbele ya wateja. Na kila aliyekuwepo alijua kwamba hata ningeuliza, ningefokewa vilevile. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, wala si kwa watoto.

"Kumhoji mkubwa ni utovu wa adabu." Nani kasema? Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia huko Tenerife, wakafa watu 583. Ndani ya ile iliyokuwa ikikimbia iruke, injinia wa ndege aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Rubani mkuu akamjibu bila kusita kwamba imetoka. Ikaendelea kukimbia. Ajali ile ni mojawapo ya zilizofanya mashirika ya ndege yaanze kuwafundisha wadogo kusema na wakubwa kusikiliza. Watu wazima, wenye vyeo na uzoefu wa miaka, waliwekwa darasani wajifunze hilo. Wa miaka 16 atalijulia wapi?

Na wakubwa kusikiliza: hiyo nusu ya pili ndiyo tunayoikwepa. Tunamwambia kijana ajiamini kwenye usaili, halafu siku ya kwanza kazini tunamnyamazisha.

Mwezi wa saba nakuja likizo. Rafiki yangu mwalimu amekubali kunipa darasa Jumamosi moja, akaniuliza aniitie wanafunzi wangapi. Nimemwambia ishirini, na kila mmoja aje na mtu mzima wake. Hao nao nina zoezi lao.