Chakula tumekiona, mgomo je?
Habari yenu ya sherehe za vyuoni inasema vyuo vingi vya Marekani husherehekea urithi wa Wamarekani wenye asili ya Asia Aprili, maana Mei, mwezi wenyewe rasmi wa urithi huo, wanafunzi wameshafunga chuo. Sawa. Ila picha zote ni ngoma ya simba na sahani za wali! Mbona hamkutaja mgomo wa San Francisco State, chuo cha huko California? Novemba 1968 hadi Machi 1969 wanafunzi Waasia, weusi na Walatino waligoma bega kwa bega, polisi wakiwashukia na virungu, mpaka kikaundwa kitivo cha masomo ya jamii zao. Na Mei ilichaguliwa pia kwa sababu ya reli ya kuvuka Marekani iliyokamilika 10 Mei 1869, jasho la vibarua Wachina. Sisi wa Mombasa, tunaojua makuli wa Kihindi walivyojenga reli yetu, hilo halihitaji mkalimani. Mwakani wekeni picha za mgomo pale pale kwenye meza ya chakula.