Vituo vya mafuta vya kampuni za nje: vita vya Nairobi viko dukani

Kila tarehe 14 ya mwezi, jioni, simu za Nairobi hujaa picha ya jedwali moja. Ni bei mpya za mafuta kutoka EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi na petroli, zitakazoanza saa sita usiku na kudumu hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Wenye magari hulalamika au hushusha pumzi, makanga huanza kupiga hesabu za nauli, kisha maisha huendelea. Lisilosemwa sana ni kwamba jedwali hilohilo linaeleza kwa nini kampuni za mafuta kutoka nje zinapigania viwanja kando ya Thika Road na Eastern Bypass, na kwa nini kituo kipya kikifunguliwa siku hizi huwa na kuku wa kukaanga kabla hata ya mashine ya kujaza upepo kufanya kazi.

Udhibiti huu ulianza Desemba 2010. Gharama ya mafuta yaliyoshushwa Mombasa, nauli ya bomba, kodi, tozo ya barabara, na hata kile anachobaki nacho muuzaji, vyote vimo ndani ya fomula kwa shilingi na senti. Bei inayotangazwa ni ya juu kabisa. Muuzaji akitaka kushusha, hakuna atakayemzuia; kupandisha ni kosa. Tena tangu 2023 mafuta ya nchi nzima huletwa kwa mkataba wa serikali kwa serikali na kampuni za Ghuba: Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, na hata kabla ya hapo kampuni zilikuwa zikigawana shehena za zabuni ya pamoja. Kwa maneno mengine, ukiacha petroli chache za daraja la juu, mafuta ya kituo chenye rangi nyekundu na ya kituo chenye rangi ya buluu yamefika kwa meli ileile na kusafiri kwa bomba lilelile.

Sasa mgeni akija Nairobi na mtaji wake, atamzidi mwenyeji kwa lipi? Hawezi kuuza ghali. Akiuza rahisi kwa shilingi mbili tatu, anakula faida ambayo tayari imebanwa. Kinachobaki ni mahali kituo kilipo na vile vitu vingine vyote vinavyouzwa hapo: maji ya chupa, mkate, kahawa, oili ya injini, mtungi wa gesi, kuosha gari, kubadilisha tairi. Huko hakuna jedwali la tarehe 14. Ndiyo maana ninashikilia kwamba kampuni inayopanua vituo vyake hadi Nairobi inakuja kufanya biashara ya ardhi na duka, na petroli ni ya kuwaleta watu karibu.

Wageni wenyewe si jambo jipya. Mtu mzima yeyote wa Nairobi amewahi kuelekeza mgeni kwa jina la kituo ambacho kibao chake kimeshabadilishwa. Caltex ikawa Total mwaka 2009. Mobil ikawa OiLibya, kisha Ola Energy. Kibao cha Shell hakikuondoka, lakini tangu 2011 kinabebwa na Vivo Energy, ambayo nayo tangu 2022 ni mali ya Vitol, wafanyabiashara wakubwa wa mafuta duniani. Lake Oil imekuja kutoka Tanzania. Kisa kinachonivutia zaidi ni cha KenolKobil, kampuni yetu wenyewe, iliyotoka Nairobi ikaenea Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Ethiopia, ikajaribu pia Tanzania na Kongo na kujiondoa huko. Mwaka 2019 Rubis ya Ufaransa iliinunua yote na kuiondoa kwenye Soko la Hisa la Nairobi, halafu ikachukua na Gulf Energy. Kampuni iliyohangaika miaka mingi kufungua masoko jirani ikageuka kuwa mlango wa Mfaransa kuingia masoko hayo kwa mkupuo mmoja.

Wanaokaribisha upanuzi huu wana hoja yenye uzito, nayo inaanza na mafuta yenyewe. Kwa miaka mingi dizeli ya Kenya ilikuwa ikichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu kodi ya mafuta ya taa ilikuwa nafuu, na injini za watu zikaharibika. Mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua tamaa hiyo, na EPRA hupima vituo na kutangaza vilivyopatikana na makosa. (Aliyeumia na tozo hiyo zaidi ni mama anayepikia stovu, lakini huo ni mjadala wa siku nyingine.) Kampuni yenye vituo mia mbili ina jina la kulinda. Ikikamatwa Embakasi, hasara itaifuata hadi Kisumu. Mwenye kituo kimoja pembeni mwa barabara anaweza kubadilisha kibao wiki ijayo.

Halafu kuna usiku. Mji huu una watu wengi wanaotoka kazini saa tano: walinzi, wauguzi, wapishi wa hoteli, madereva wa teksi za programu. Kituo kikubwa chenye taa, kamera, choo kinachofunguka na duka lisilofungwa ni mahali ambapo mtu anaweza kusubiri matatu bila kugeuka nyuma kila dakika. Huduma hiyo haimo kwenye takwimu za lita zilizouzwa, ila anayeitumia anaijua thamani yake.

Upande wa pili wa hoja ndio unaohitaji subira, maana hapa mtindo wa kigeni haukai sawasawa kwenye mji wetu. Marekani, ambako biashara hii imekomaa, dereva hushuka na kujijazia mwenyewe. Akishashuka, duka liko mbele yake. Kampuni kama Wawa ya Pennsylvania, iliyoingia Florida mwaka 2012, na Buc-ee's ya Texas, iliyoanza 1982 na kukaa jimboni kwake hadi ilipofungua Alabama mwaka 2019, zimejengwa juu ya hatua hizo chache kutoka pampu hadi mlangoni. Buc-ee's ilifungua duka Luling, Texas, mwaka 2024 lenye pampu 120. Nairobi dereva hashuki. Mhudumu anauliza "ya ngapi?", anajaza, anapanguza kioo, pesa zinalipwa kwa M-Pesa dirishani, gari linaondoka. Duka linaweza kuwa zuri namna gani, dereva hajalitazama.

Kwa hiyo nani anaingia dukani? Kwa kiasi kikubwa ni wanaotembea kwa miguu: mkazi wa ghorofa jirani, mwanafunzi, mtu wa boda anayenunua soda, abiria aliyeshushwa stejini. Duka la kituo pale Ruaka, Utawala au Kitengela linaishi kwa watu wa mtaa, na hao ndio wateja wa kibanda na duka la Mama Njeri. Malalamiko ya wenye vibanda kwamba vituo vipya vinawanyang'anya wateja hayana chuki ya maendeleo ndani yake. Ni hesabu.

Hata hivyo hesabu hiyo ina pande zake. Kibanda kinauza sukari robo, mafuta ya kupikia ya kupima, nyanya tatu, na kinakopesha hadi mwisho wa mwezi. Hakuna kituo cha mafuta kitakachomkopesha mtu unga. Kinachohama ni mkate, maziwa ya pakiti na soda, yaani bidhaa zenye faida ndogo ambazo humleta mteja kila siku na kumfanya anunue na kitunguu. Kibanda hakifi siku kituo kinapofunguliwa. Kinapungua wateja wa asubuhi, kisha wa jioni, na mwenyewe hana wa kumshtaki.

Mwenye maumivu ambayo hayaonekani kabisa, kwa maoni yangu, ni mwendeshaji wa kituo: yule Mkenya anayekabidhiwa kituo cha kampuni akiendeshe kwa mkataba. Yeye ndiye anayeajiri wahudumu, anayelipa stima, anayebeba hasara mafuta yakipungua kwenye tangi. Fungu lake la kila lita limepangwa na fomula. Zamani duka lilikuwa ahueni yake. Siku hizi kampuni nyingi hupenda kukodisha nafasi ya duka moja kwa moja kwa wauza kuku, piza na kahawa wenye majina, na kodi inaenda kwa kampuni. Kibiashara ni uamuzi wa busara, kwa sababu muuza kuku anajua kukaanga kuku kuliko kampuni ya mafuta, na mteja anafaidika. Ila kile kipande pekee cha kituo ambacho bei yake haijafungwa na serikali ndicho kinachohamishwa kutoka mikononi mwa mwenyeji. Hapa Wawa na Buc-ee's zinatofautiana na wageni wetu. Zimepanuka polepole kwa sababu duka ni lao, chakula wanachokijulikania ni chao, na kila jimbo jipya linadai mzigo, mafunzo na wasambazaji wapya. Anayekodisha nafasi hana mzigo huo, kwa hiyo anaweza kuenea haraka. Anaweza pia kuondoka haraka.

Na kuondoka tunakujua. Supamaketi yetu ya Uchumi ilikwenda Uganda na Tanzania, ikafunga huko kote mwaka 2015. Nakumatt, supamaketi nyingine yetu, ilitandaza matawi Afrika Mashariki hadi madeni yakaimeza, ikafungwa rasmi 2020. Shoprite ya Afrika Kusini iliingia Nairobi mwishoni mwa 2018 na haikumaliza hata miaka mitatu. Nakumatt iliwaacha wasambazaji wadogo na ankara zisizolipwa. Kituo cha mafuta kina kinga fulani, kwa kuwa akiondoka mmoja mwingine huja kubadilisha kibao na pampu zinaendelea. Kinga hiyo inalinda ardhi na matangi. Mkulima wa maziwa na mwoka mikate hawamo.

Mgeni naye anabeba hatari zake, na haki inataka zisemwe. Aprili 2022 serikali ilipochelewa kulipa fidia ya ruzuku ya mafuta, petroli iliadimika, foleni zikazunguka mitaa, na mkuu wa Rubis nchini akafukuzwa Kenya. Mwekezaji anayesoma kisa hicho akiwa Paris au Dar es Salaam lazima ajiulize mara mbili. Kuvuka mpaka pia ni kubadilisha sheria za mchezo: Tanzania mdhibiti, EWURA, hutangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi, Rwanda ina mdhibiti wake, Uganda bei huamuliwa na soko. Kampuni hiyohiyo inaweza kushindana kwa bei ya pampu Kampala na ikawa haina la kufanya Nairobi ila kupamba duka. Anayedhani Afrika Mashariki ni soko moja kwa sababu ramani inaonyesha nchi zimepakana atalipa ada ya kujifunza.

Nikipima yote, siungi mkono wanaotaka mgeni azuiwe. Mafuta safi na taa za usiku ni faida ambazo wenyeji wengi hawakutuletea walipokuwa na nafasi. Pingamizi langu ni kwa namna tunavyowapima wageni hawa. Kampuni mbili zinapoungana, ombi hufika kwa Mamlaka ya Ushindani, au kwa tume ya COMESA, jumuiya ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kama linavuka mipaka, na mjadala huwa mwepesi kuishia kwenye asilimia ya lita za nchi nzima. Mkazi wa Syokimau hanunui kwa asilimia za nchi. Anahitaji kujua kama vituo vinne vilivyo kati ya nyumbani kwake na Mombasa Road vimekuwa vya mtu mmoja, na hasa kama vyote vimekodishwa kwa muuza chakula mmoja.

Mamlaka hiyo si kibogoyo. Mwaka 2023 iliipiga faini ya shilingi bilioni 1.1 kampuni inayoendesha supamaketi za Carrefour nchini, kuhusu malalamiko ya wasambazaji wawili. Nguvu hizohizo zinaweza kuelekezwa kwenye mkataba wa mwendeshaji wa kituo, ambao leo ni karatasi inayojulikana na pande mbili tu. Ningeanza na mambo matatu yaandikwe humo kama sharti la kuidhinisha ununuzi wowote mpya: sehemu ya kodi ya duka imfikie mwendeshaji, mkataba usikatwe kwa notisi fupi kwa sababu tu mmiliki amebadilika, na wasambazaji wa duka walipwe kwa siku zinazojulikana. Kampuni zitasema masharti hayo yatapunguza mvuto wa soko. Huenda. Lakini ardhi ya kando ya Eastern Bypass haijawahi kukosa mnunuzi, na mwenye kuitaka kwa ajili ya duka ataendelea kuitaka hata akilazimika kugawana duka lenyewe.